Asali Mbichi kwa Watoto Wanaokohoa

SWALI: Mume wangu ameleta asali mbichi kutoka Tabora, na mama mkwe anasema niwalambishe wanangu wawili wanaokohoa usiku. Mmoja ana miaka minne, mwingine miezi minane. Asali imeganda chini ya chupa. Je, niichemshe kwanza?
Mama wa Igoma, Mwanza

JIBU: Umefanya vyema, mama, kuuliza kabla ya kuwapa. Mkubwa mpe, lakini mdogo asilambe hata tone mpaka atimize mwaka mmoja. Asali, hata iliyo safi kabisa, huweza kubeba vijimbegu vya bakteria viitwavyo Klostridiamu botulinamu, ambavyo tumbo la mtu mzima huvidhibiti, ila katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto hukosa choo, hunyonya kwa unyonge, kilio chake hufifia, shingo hulegea, na hatimaye hata kupumua kunaweza kumshinda. Ni ugonjwa wa nadra, lakini ni wa kutisha, na kuchemsha asali hakusaidii kwa sababu vijimbegu hivyo hustahimili maji yanayotokota.

Najua si rahisi kumkatalia mama mkwe, tena anayewapenda wajukuu wake. Siku ya kliniki nenda naye, umwombe muuguzi awaeleze nyote wawili.

Kwa mkubwa, nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja kabla ya kulala kinatosha, kwani asali hutanda kooni na kutuliza mwasho unaomfanya akohoe. Haitibu nimonia wala kifua kikuu. Kuganda nako si dalili ya kuchakachuliwa, kwani sukari iliyomo ndiyo hujitenga ikawa chenga. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, wala usiibandike jikoni, maana moto mkali huiharibia harufu na ubora.

Mdogo endelea kumnyonyesha mara kwa mara. Akiwa ametulia, mfunue kifua umhesabie pumzi kwa dakika nzima: zikifika 50 au zaidi (kwa mkubwa ni 40), au nyama za chini ya mbavu zikibonyea anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kikohozi kikidumu wiki mbili, wapeleke wakapimwe kifua kikuu.