Usimwandikie "usinisubiri". Mimi niliandika, Januari 1979

Kijana wangu, futa huo ujumbe. Kama bado uko kwenye simu haujaenda, ufute sasa hivi ndipo uendelee kusoma.

Umesema uko Kitona mafunzoni, mchumba wako yuko Beni, nchi nzima ya Kongo imelala katikati yenu, na wakati wowote mtapelekwa mashariki. Umeuliza mambo ya usingizi, ya simu, ya mshahara umtumie mama yake kiasi gani, na mwisho, kama kitu kidogo tu, ukasema umeshaandika ujumbe wa kumwambia asikusubiri, ili ukifa awe huru. Kisha nikasoma waliokujibu: "huo ndio uanaume", "umekomaa, mwamba". Hasira zikanipanda. Nani kati yenu aliwahi kuituma barua ya namna hiyo akaishi na majibu yake? Mimi niliituma.

Ni vita vya Kagera. Idi Amin wa Uganda alivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza tarehe 2 Novemba kwamba tutampiga, na mimi, kijana wa miaka 20, nikaondoka Kilosa kwa treni ya usiku pamoja na wenzangu wa mgambo kwenda mafunzoni upande wa Dodoma. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wale vijana waliokuwa wanafundisha watoto huku wenyewe wanasomea ualimu. Mjomba wangu alikuwa ameshapeleka kishika uchumba kwao. Binti alinisindikiza stesheni na mayai manne ya kuchemsha na chumvi kidogo, kayafunga kwenye kitambaa alichokidarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu. Mayai hayakufika stesheni ya Gulwe. Kitambaa nilikitunza. Kwenye pindo lake zilikuwa zimebaki chembe za chumvi, na usiku taa zikishazimwa nilikuwa naligusa pindo lile kwa ulimi kuona kama bado zipo. Wiki ya tatu ikabidi nikifue.

Mchana wa mafunzo huna nafasi ya kumkumbuka mtu. Kuna mchakamchaka, kwata, shabaha, handaki unalochimba leo na kulifukia kesho. Taabu inaanza baada ya filimbi ya kulala, ile nusu saa mwili umechoka na roho imekataa. Ndiyo inayokutesa wewe sasa, naijua.

Tulikuwa na koplo mmoja. Aliniona nakunja kitambaa changu, akanikalisha pembeni kama baba anavyomkalisha mwanawe. "Kuruta mwenye mchumba anawaza kurudi," akaniambia, "na anayewaza kurudi harudi. Mwachie huyo binti, uende ukiwa mwepesi." Nilimwamini kwa sababu alikuwa na tepe mbili mkononi na mimi sikuwa na hata moja. Baadaye karani aliyekuwa anashughulikia barua akaniambia koplo yule alikuwa anamwandikia mkewe kila wiki. Kila wiki! Mtu anakula ameshiba halafu anakufundisha wewe kufunga. Miaka zaidi ya 45 imepita na bado ningemkuta leo ningemuuliza: ulinifundisha nini wewe?

Niliandika Januari 1979, kwa mwanga wa chemli, kwenye ukurasa niliouchana kwenye daftari. Usinisubiri, ukipata mtu mwema nimekupa ruhusa. Nikaituma kwa sanduku la posta la shule yake. Na usiku ule, kijana wangu, nililala fofofo kwa mara ya kwanza tangu nifike kambini. Hapo ndipo nataka unielewe. Nililala kwa sababu mzigo nilikuwa nimeutua, na niliyemtwisha alikuwa yeye. Nilijiambia namhurumia, kumbe nilikuwa najitafutia usingizi.

Machi tulikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, na brigedi ya 201, wengi wetu wageni wa vita, barabara imepita kwenye kinamasi, roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin zinalia juu. Mwenzangu tuliyelala naye chini alikuwa anataja jina la mkewe kila moja ikipita. Na mimi nikataka kutaja jina. Lilinikwama. Nilikuwa nimeshalitoa kwa mkono wangu.

Jibu lake lilinitafuta kutoka kambini hadi Mwanza, likavuka ziwa hadi Bukoba, likanikuta Masaka mwezi Mei, Kampala imeshaanguka. Bahasha imejaa mihuri. Ndani tarehe ya Februari na mistari mitatu: "Sikukuomba ruhusa. Ungeniuliza, ningekujibu. Hukuniuliza."

Nikaandika kurasa nne za kuomba radhi. Zilikwenda bure. Baba yake aliposikia mposaji mwenyewe amejitoa, alikirudisha kishika uchumba kwa mjomba na kupokea posa nyingine. Nani atamlaumu? Niliporudi Kilosa mwisho wa mwaka tulikutana njia ya sokoni, amejitanda kanga, tumbo limeanza kuonekana. Akaniambia, "Pole na safari." Nikamjibu, "Nimeshapoa." Tukapishana.

Sasa sikiliza habari ya mwenzetu mmoja wa hanga letu, bweni letu la mafunzoni. Yeye alikuwa anaota kwa sauti, anamwita mchumba wake usiku kucha. Afande akamsimamisha mbele ya gwaride, akamwamuru aliite jina lile mara 20, na kombania nzima tuitikie "Yupo!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na kesho yake hata mpishi alikuwa anamwitikia. Mtu huyo hakuficha hamu yake wala hakumfungulia binti mlango ambao hakuuomba. Alirudi, wakaoana, sasa wana wajukuu.

Mke niliyenaye Mungu alinipa, ni mwema, na habari hii anaijua yote. Sikuelezi haya kwa sababu namlilia wa kale. Nakueleza kwa sababu kosa lako ni lile lile, neno kwa neno, na safari hii nipo.

Usimwamulie. Anaishi Beni, vita anavijua kuliko wewe uliyeko karibu na bahari. Mweleze ulipo, mweleze kwamba huenda mkapelekwa mbele, mwambie unaogopa, naam, neno hilo hilo la kuogopa, kisha umuulize anataka nini. Akisema nasubiri, basi anasubiri kwa hiari yake. Akisema siwezi, utaumia, lakini jibu litakuwa limetoka kwake, halitakuwa la koplo wala la hawa wanaokupigia makofi humu.

Mwandikie leo: "Naogopa na nakukumbuka. Wewe unasemaje?" Akishajibu, njoo unieleze alivyosema.