Simu ilie kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya programu

Wahariri, wiki hii mmetuuliza: "Unafanya nini ili simu isikumalizie siku?" Najua wapo watakaojibu kwamba dawa ni kuizima, au kurudi kwenye simu ya vibonye. Hilo ni jibu la mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Mimi nashona nguo katika komini (mtaa) inayoitwa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Mteja ananitumia picha ya modeli kwa WhatsApp, avansi (malipo ya kwanza) inaingia kwa M-Pesa, na ndugu wa mji wa Likasi wakiwa na jambo wananipigia hapo hapo. Nikiizima, kazi inalala.

Kwa hiyo sikupunguza simu, nilipunguza wanaoruhusiwa kuiliza. Mtu akinipigia, ana neno la kuniambia. Programu ikilia, mara nyingi haina neno lolote. Inataka tu niifungue. Ingia Paramètres, yaani mipangilio (simu zetu nyingi ziko kwa Kifaransa), tafuta Notifications, yaani arifa, na uzinyamazishe programu moja baada ya nyingine. Inachosha, lakini utaifanya siku moja tu. Mimi nimeacha sauti kwa simu za kupigwa, kwa SMS kwa sababu ndizo zinazonihakikishia kwamba pesa imeingia, na kwa ujumbe wa WhatsApp wa mtu mmoja mmoja. Facebook, TikTok, YouTube na michezo ya watoto vyote kimya.

Magrupu yana kesi yake. Nimo katika la kwaya, la wazazi wa shule, la likelemba (mchango wa kupeana zamu), la tuliosoma pamoja, na mengine ambayo sikumbuki nani aliniingiza. Grupu moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, na wote wana haki ya kukuamsha kwa "Bonjour la famille" yenye picha ya maua. Ukinyamazisha grupu, WhatsApp inakupa kuchagua saa 8, wiki moja au daima. Chagua daima. Kisha lipeleke kwenye Archivées, yaani kumbukumbu. Tangu 2021, grupu lililowekwa huko linabaki huko hata likipata ujumbe mpya, halirudi juu kukutazama usoni. Jioni nafungua hayo yote kwa mara moja, nasoma ya likelemba kwa makini na mengine napitia juu juu. Hakuna aliyewahi kuniuliza mbona nimechelewa kujibu maua.

Hapo ndipo yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, aliponishika: na kukiwa na kilio (msiba) je? Ana haki. Katika mji huu unaweza kukosa harusi ukasamehewa, lakini kukosa kilio utasemwa mpaka watoto wako waoe. Nadhani woga huo ndio unaotufanya wengi tuilaze simu kando ya mkono usiku kucha, hata kuliko utamu wa video. Lakini simu ina njia. Kwenye Android kuna Ne pas déranger (usinisumbue), na ndani yake unaweza kuruhusu simu za watu fulani zilie saa yoyote, na pia kuruhusu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15. Simu yake ya kwanza inapita kimya, ya pili inalia. Nimewaambia wa nyumbani kwamba habari ya kifo au ya hospitali isiachwe kwenye grupu peke yake. Pigeni mara mbili. Asiye na iniite (salio) abipu mara mbili, mimi nitarudisha. Tangu tupatane hivyo nalala, na simu inachajiwa saluni, yaani sebuleni, wakati umeme unapopatikana, mbali na kitanda.

Sasa niseme kuhusu kazi yenyewe, maana kwangu muda haukuwa unaibwa na milio. Ulikuwa unaibwa na sababu nzuri. Nashika kitambaa, nataka kuona kama mkono wa ile gauni ni wa puto au wa kawaida, nafungua simu kutafuta picha. Sababu ni halali kabisa. Picha imo katikati ya mazungumzo, juu yake kuna jumbe mpya, kando kuna statu za watu (picha na video wanazotundika WhatsApp), na kabla sijauona mkono wenyewe nimeshaona kichekesho cha Kinshasa, na baada yake kingine. Kurasa hizo hazina chini. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin ndiye aliyebuni ule ukurasa unaojiongeza wenyewe kila ukiusogeza, na baadaye alisema hadharani kwamba anaujutia. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, kanisani kuna baraka ya kufunga. Pale hakuna kitu kinachokuambia sasa inuka.

Basi nimeitoa modeli ndani ya simu. Picha ikifika, naichora katika daftari lile lile la vipimo: shingo, mkono, mshono wa kiuno, zipu iko nyuma au ubavuni, kitenge kinahitaji yadi ngapi. Michoro yangu si mizuri, lakini hakuna video chini yake. Modeli ikiwa ngumu, kama zile za arusi zenye tabaka juu ya tabaka, namwendea kijana wa fotokopi karibu na soko anichapishie, na gharama naiingiza katika bei. Msichana ninayemfundisha naye anashona kwa kuangalia karatasi ukutani. Kila mtu ana sababu yake nzuri ya namna hiyo. Kwa mwingine ni saa, kwa mwingine ni kikokotoo, kwa mwingine tochi. Saa ya ukutani na kikokotoo kidogo vinauzwa sokoni kwa bei ya mega (intaneti) za siku chache.

Na tuzizungumzie hizo mega, kwa sababu wanaoandika mashauri haya kule Ulaya hawana shida yetu. Forfe (kifurushi cha intaneti) ya siku moja ikikaribia kuisha, unafanya nini? Unafungua video ili mega zisiende bure. Si kwamba una hamu, ni kwamba umelipa. Nimewaona watu wazima wakipigana na usingizi ili wamalize mega. Kwangu dawa ilikuwa kununua forfe ya mwezi pale ninapoweza. Inauma siku ya kulipa, lakini hakuna usiku unaonidai. Na wakati wa kushona nafunga data kabisa. Simu za kawaida zinaingia, SMS zinaingia, na M-Pesa ya kubonyeza namba inafanya kazi bila intaneti. Mteja wa haraka ananipigia.

Kuna wanaosifu kuifanya skrini iwe ya kijivu, bila rangi. Si maneno matupu: utafiti mmoja wa 2020 kwa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani uliona kwamba waliofanya hivyo walipunguza karibu dakika 38 kwa siku. Kwangu mchana haiwezekani, nitamshonea mtu kitenge chekundu akitaka cha zambarau. Lakini ile sehemu ya Android ya kupima matumizi ya simu, Bien-être numérique, ambayo Google iliitangaza mwaka 2018, ina hali ya kulala inayoondoa rangi kwa saa unazopanga. Yangu inaanza saa tatu usiku. Vichekesho vya kijivu havichekeshi sana. Kama simu yako haina sehemu hiyo, tafuta mpangilio wa rangi kwenye Accessibilité, ndani ya Paramètres.

Vile vipimo vya muda kwa kila programu, kwamba Facebook ifungwe baada ya nusu saa, mimi sivipendi. Anayeweka kufuli ndiye mwenye ufunguo, na ufunguo uko kwenye kidole kile kile. Afadhali YouTube: ukisimamisha kumbukumbu ya ulichotazama na kuifuta ya zamani, ukurasa wa mwanzo unabaki mtupu bila mapendekezo. Unaandika unachotaka, "namna ya kukata kola", unakiona, unatoka.

Kilichobaki kunisumbua ni statu. Wateja wapya wananipata hapo, na ukishaweka picha ya gauni unataka kuchungulia nani ameiona. Kwa sasa naziweka Jumamosi asubuhi, kisha nafunga data, na wanaouliza bei nawajibu baada ya bukari (ugali) ya mchana. Inasaidia kiasi. Ila sijui wanaouza kupitia TikTok wanafanyaje, kwani kwao soko na kichekesho viko kwenye skrini moja. Kama yupo miongoni mwa wasomaji wenu, naomba mumpe nafasi atueleze.

Fundi wa kushona, Lubumbashi