Kabla hujaimwaga hela ya korosho kwenye chenso, nunua kamba

Acha. Acha kabisa hiyo safari ya Dar.

Mdogo wangu umeandika hapo juu kwamba malipo ya korosho yameingia, unataka ukanunue chenso, yaani msumeno wa mashine, kule Dar uje uanze kazi ya kukata na kupunguza miti majumbani hapa Mtwara mjini. Umeuliza mashine gani nzuri, mwembe unakatwa kwa bei gani, kibali kinatoka wapi na wateja wanapatikanaje. Nimesoma majibu yote, huyu anasema nunua ya Kijerumani, yule anasema ya Kichina inatosha kuanzia, mwingine anakwambia bar ndefu, ule upanga unaozungukiwa na cheni, ndo mpango mzima, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza UNA KAMBA? Hakuna! Ndo maana niko macho saa hizi nachapa badala ya kulala.

Mimi nilifanya hivyo hivyo unavyotaka kufanya. Hela ya korosho za mzee, basi la alfajiri, Kariakoo, chenso mpya kwenye boksi. Muuzaji, mtu mzima na ndevu zake, nikamuuliza vipi kuhusu kamba za kushushia matawi, akacheka mpaka akashika meza. Akasema kamba ni za wavuvi, wewe mashine ndo ofisi yako, mengine yote mbwembwe. Nikauliza kofia ngumu, akasema utaonekana kama zimamoto. Nikamwamini! Mtu ambaye nina uhakika hajawahi kupanda hata mpapai. Hela niliyobakisha kwa ajili ya kamba akanishawishi ninunue cheni za akiba, nikarudi Mtwara natembea kifua mbele na cheni za akiba kama mtu mwenye akili.

Sasa sikiliza kilichonikuta Shangani, hapa hapa Mtwara. Mama mmoja ana mwembe dodo nyuma ya nyumba, mkubwa wa zamani, aliupanda marehemu mumewe. Tawi moja limetoka likapita kwenye uwazi kati ya nyumba na ukuta, ndo alitaka litoke maana kila kusi likivuma linasugua bati usiku halali. Nikaangalia kwa chini nikaona uwazi upo, tawi nikilikata linadondoka hapo kwenye uwazi, kazi ya nusu saa, nikataja bei kabla hata ya kuzunguka mti. Nikapanda. Mwenyewe nilikuwa nimejifunga ile mipira ya kufungia mizigo ya bodaboda, msicheke, sawa chekeni, lakini ndo hivyo.

Nikaanza kukata kwa juu, karibu na shina. Mwembe mbichi haukatiki ukaachia, hicho kitu kiweke kichwani. Uzito wote wa tawi uko kule kwenye majani, kwa hiyo ncha ndo inatangulia kushuka huku kitakoni gome la chini halijaguswa, linashikilia. Ncha ikagonga chini kwenye uwazi pale pale nilipopanga, nikasema kimoyomoyo mambo si hayo, halafu tawi likawa limesimama wima, limeegemea hewa, limening'inia kwa gome tu. Gome likachanika. Kitako, yaani pale penye unene wa kiuno cha mtu, kikageuka taratibu kikaangukia nyumbani. Bati geji 30 haina ubishi na gogo la mwembe. Mbao za kenchi zikavunjika, jipsamu ya sebuleni ikashuka, bomba la maji linalopita ukutani likakatika likaanza kurusha maji kama sherehe. Mimi niko juu nimekumbatia shina, chenso bado inanguruma, mama anatoka ndani ana vumbi jeupe kichwani anaangalia juu hasemi kitu.

Nilipanda fundi nikashuka mdeni. Bati nikalipa, mbao, jipsamu, fundi wa paa, fundi bomba, na chenso yenyewe nikamuuzia jamaa mmoja kwa bei ya kutupa ili nimalizie deni. Na unajua kilichomuuma yule mama zaidi? Sio paa. Gome lilichanika kutoka kwenye tawi likashuka na shina, jeraha refu limebaki wazi kwenye mti wa mumewe. Fundi mmoja aliyejiita mzoefu akamwambia apake oili chafu, akapaka. Haisaidii kitu. Kuna Mmarekani anaitwa Alex Shigo, alikuwa mtafiti wa misitu wa serikali yao, alipasua maelfu ya miti kwa chenso aone ndani jeraha linakuwaje, akaonyesha kwamba mti haurudishii nyama iliyooza, unachofanya ni kujenga ukuta kuizunguka na kuota mbao mpya juu yake, na kupaka rangi hakuzuii kuoza. Kinachosaidia ni kukata pazuri tangu mwanzo.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja. Tawi lolote lililo juu ya kitu cha mtu, liwe juu ya bati, ukuta, banda la kuku, kaburi, LINAFUNGWA KAMBA KABLA MSUMENO HAUJAGUSA. Kama huna kamba, kazi huna, mwambie mteja ukweli uondoke.

Inavyofanyika: kamba unaipitisha kwenye panda la tawi imara lililo juu ya lile unalokata, mwisho mmoja unafunga kwenye tawi, mwisho mwingine unashuka chini unazungushwa kwenye shina la mti mara mbili tatu, halafu ndo mtu wa chini anashika. Ile mizunguko kwenye shina ndo inabeba, sio mikono yake, kijana mwembamba anashusha gogo ambalo watu wanne hawalinyanyui. Asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni hata siku moja. Na asisimame chini ya tawi, najua unaona ni kitu cha wazi, subiri umlete binamu yako siku ya kwanza.

Halafu kukata. Unaanza CHINI ya tawi, mbali kidogo na shina, robo hivi ya unene, usizidishe, msumeno utabanwa. Kisha unakata kwa juu, mbele kidogo ya pale pa chini, upande wa kuelekea ncha. Tawi likitoka gome halichaniki kwa sababu umeshalikata. Kinabaki kisiki kifupi hakina uzito, hicho ndo unakiondoa mwisho, nje kidogo ya ule uvimbe ambapo tawi linaungana na shina. Usiusawazishe uvimbe eti papendeze, hapo ndo mti unapozibia jeraha. Dakika mbili za ziada! Nimelipa paa zima kwa ajili ya dakika mbili.

Kamba ya kupandia iwe yake na ya kushushia iwe yake, usichanganye. Zile za boti utakazouziwa kule Mikindani kwa bei ya kirafiki usiziguse, jua na chumvi vimeshazila, kwa nje inang'aa kwa ndani unga. Kofia ngumu, miwani, buti. Chenso kwa sasa KODI. Wapo wenye nazo zimelala, unamlipa kwa siku, na yeye mara nyingi anakuja nayo anakufundisha bure maana anaogopa usimuulie mashine. Ukishajua kazi utajua mwenyewe unataka ipi, mimi sikutajii. Petroli unachanganya na oili kwa kipimo cha kitabu chake, nyingi za sasa ni 1:50, yaani oili moja kwa petroli hamsini, kuna nyingine 1:25, usipime kwa macho kama wa bodaboda.

Na kwa nini uanzie mjini kwenye mabati ya watu? Wewe umetoka Masasi, umezungukwa na mikorosho! Baada ya mavuno, kabla miti haijaanza kutoa maua, nenda kapogolee mashamba ya watu. Mkorosho matawi yake yako chini, likianguka linaanguka kwenye majani, hakuna sebule. Toa yaliyokauka, yanayolala chini na yanayosongamana ndani ili hewa na mwanga vipite, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unapenda sana penye kivuli na msongamano. Ila matawi ya pembeni usiyafyeke ovyo, mkorosho unazaa kwenye ncha za machipukizi kule nje, ukizikata umekata korosho za mtu na hapo atakutafuta na panga. Pale Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara, watafiti wanafundisha haya mambo, kaulize, hawali mtu.

Kibali: mti unaogusa nyaya za umeme usiuguse, piga simu TANESCO waje wenyewe, tawi bichi linapitisha umeme. Mti wa barabarani anza kwa mtendaji wa mtaa. Magogo au mkaa wa kusafirisha nenda TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwanza. Na mteja akikwambia "malipo ni kuni utakazopata" mwage hapo hapo, kuni za mwembe zenyewe unalipa gari kuzihamisha.

Bei nayo ulikuwa umeuliza. Inategemea tawi liko juu ya nini, ndo maana nakwambia zunguka mti kwanza, kwa simu usitaje hata shilingi. Yule anayekwambia juu hapo kuna bei moja kwa kila mwembe nadhani ndo ndugu yake muuzaji wangu wa Kariakoo.

Kama nauli umeshaitenga, njoo nayo Mtwara badala ya Dar, nitafute inbox. Kamba yangu ya kushushia ipo, nakuazima kwa kazi ya kwanza, ya kupandia siazimi mtu.