Sindano ya Oktoba na video ya Idi

Mwanangu wa kwanza, hapa nitamwita Zuberi, alikuwa na maneno manne: maji, baba, paka na leta. Oktoba 2019, wakati wa kampeni ya kitaifa ya chanjo ya surua na rubela, nilimbeba mgongoni hadi kwenye kituo cha kuchanjia hapa Bombo, Uganda. Kufikia Desemba hakuwa na hata neno moja. Zuberi ana usonji, yaani ubongo wake unakua kwa namna tofauti, na hilo linagusa kusema kwake na kuhusiana kwake na watu. Hesabu hiyo ya miezi miwili ndiyo iliyotufanya tuishuku chanjo, ikatuendesha nyumbani kwa muda mrefu.

Nawaandikia wazazi walio pale nilipokuwa. Sitawatukana, maana nilitukanwa vya kutosha. Nesi mmoja aliniambia mbele ya foleni nzima kwamba watu kama mimi ndio tunaoleta magonjwa mtaani. Nilirudi nyumbani mgumu kuliko nilivyoondoka.

Kwetu kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake. Mume wangu alishika chanjo, akajiunga na makundi ya WhatsApp ambako video zilimiminika usiku na mchana. Mama mkwe alisema ni kijicho cha majirani. Mimi niliulaumu mgongo wangu uliombeba siku ile. Binti yetu alipozaliwa 2021 hatukumchanja. Januari 2022 watu wa matone ya polio walipopita nyumba kwa nyumba, nilimlaza chini ya meza ninayokatia vitambaa, nikamfunika kwa gomesi (vazi refu la wanawake wa Uganda) ya mteja. VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijijini, aliyekuja ananijua tangu utotoni. Alitazama chini ya meza, akanitazama usoni, akaandika kitu mlangoni kwa chaki, akaenda zake. Hadi leo hatujawahi kulizungumza.

Zuberi tulimpa mumbwa (dawa ya mitishamba iliyokandwa kwa udongo), tukamnyima maziwa, tukamsomea dua (dua sijaacha). Nashukuru hatukufika kwenye yale "maji ya miujiza" ambayo mwaka 2019 ilifichuka kwamba yalikuwa yakigawiwa hapa Uganda kupitia wachungaji. Ile ni klorini daioksidi, kemikali ya kung'arishia karatasi na vitambaa, na ng'ambo wapo wazazi waliowanywesha watoto wenye usonji. Ukiletewa chochote cha "kutoa sumu ya chanjo", kiwe cha kunywa au cha kuingizwa nyuma, kataa, hata kama aliyekileta ni ndugu yako wa damu.

Kilichonigeuza hakikuwa daktari. Mdogo wangu alikuja na simu yake ya zamani, ndani yake mna video ya Idi ya Agosti 2019. Watoto wanagombania peremende uani. Zuberi yuko peke yake ukingoni mwa mkeka, anazungusha kifuniko cha soda. Sauti yangu inasikika ikimwita, mara nne. Hageuki. Mara ya tano nacheka, nasema, "Huyu ana kiburi kama babu yake." Ilikuwa miezi miwili kabla ya sindano. Usiku ule niliirudia hadi chaji ikaisha.

Ndipo nikasoma upya, safari hii bila kutafuta wa kumfunga. Dalili za usonji mara nyingi huonekana wazi kati ya mwaka mmoja na miwili, karibu na umri wa sindano. Hapa kwetu surua huchanjwa miezi 9, na siku hizi tena miezi 18. Tuhuma yenyewe ilivuma kutoka Uingereza mwaka 1998, kwa makala ya daktari Andrew Wakefield juu ya watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha liliifuta, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Tena chanjo aliyoishuku ilikuwa na matumbwitumbwi ndani yake, wakati Zuberi alichomwa ya surua na rubela tu. Huko Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, na mwaka 2019 wakatoa jibu: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Kama bado huamini, sikulazimishi leo. Ila mtoto asisubiri hadi ugomvi wetu na chanjo uishe. Sisi tulikaa zaidi ya miaka miwili tukimtafuta mkosaji, na muda wote huo hakuna aliyewaza hata kumpima masikio. Anzeni hapo, masikio, maana mtoto asiyegeuka huenda hasikii. Zuberi anasikia vizuri, na ndiyo maana honi za teksi za kwenda Kampala zinamtesa. Namziba kwa pamba kabla hatujafika stendi.

Picha ndizo zilizotusaidia kuliko vyote. Nilikata boksi la viatu, nikachora kikombe, choo, kitanda na chapati, nikatoboa na kufunga kwa uzi wa cherehani. Akitaka maji ananiletea kikombe, na mimi nasema "maji" nikimpa, kila mara, hata kama nina wateja watatu. Miezi mingi alileta picha kimya. Sasa analeta na kusema "ma". Watu waliniambia picha zitamfanya mvivu wa kusema. Kwake haikuwa hivyo.

Kuhusu sindano zenyewe: mtoto asiyeweza kusema "sikio linauma" ndiye ninayemwogopea surua zaidi, kwa sababu surua hushuka masikioni na kwenye mapafu. Msimpeleke siku ya kampeni yenye umati. Nendeni asubuhi mapema siku ya kawaida, mwambie nesi kabla hajashika sindano, mpakateni ninyi wenyewe, na mkononi awe na kitu chake. Wa kwangu hushika kifuniko cha soda. Nyumbani tulicheza kwanza kwa kijiti cha kibiriti, tukamchoma mwanasesere, kisha mimi, kisha yeye. Kadi utaihitaji pia siku ya kuandikisha shule, ndivyo Sheria ya Chanjo ya 2017 inavyotaka.

Binti tulianza kumkamilishia chanjo mwaka jana. Baba yake hakuja. Alisema niende mwenyewe, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa. Bado haamini. Siku ya Jumanne amenitumia video nyingine, sijaifungua. Lakini ndiye anayemwogesha Zuberi kila jioni, kwa sababu mimi nikimmwagia maji karibu na masikio anapiga kelele mtaa mzima unasikia, na kwa baba yake hapigi.