Vitz RS au Vitz ya kawaida kwa njia ya Uyole–Tukuyu? Nimeendesha zote mbili

Mkuu, umesema unakaa Uyole hapa Mbeya, kazi ipo Tukuyu, na mara nyingi mnakuwa wanne ndani ya gari. Yadini umeonyeshwa Toyota Vitz mbili za lile umbo lililoanza kutoka 2005: ya kawaida ya cc 996, na RS, yaani toleo la kispoti, ya cc 1500 iliyozidi bei kwa shilingi milioni tatu. Nimemiliki zote mbili na nimepita nazo njia hiyo hiyo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Nilianza na ya kawaida. Kwa mizunguko ya mjini, Kabwe, Mwanjelwa, Soweto, sina la kuilaumu. Mafuta inanusa tu, na tairi zake bei nafuu. Shida ilianza mlimani. Injini ile ina pistoni tatu na nguvu za farasi 71, na hizo zimepimwa usawa wa bahari. Mbeya tupo kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo hapa kwetu unabaki na kama 60 hivi, na ukikata Igawilo kuelekea Isyonje zinapungua tena. Sasa pakia watu wanne.

Jioni moja natoka Tukuyu na mama mkwe, wanangu wawili, na mikungu mitatu ya ndizi kwenye buti. Kabla ya Isyonje nikakuta lori limejaa viazi linatambaa. Nikaona mbele kweupe, nikachomoka kulipita. Tulipofika usawa wa kichwa cha lori gari ikakata pumzi. Nimekanyaga mafuta mpaka chini, haiongezi hata kidogo, na kwenye ukungu taa za basi zinakuja. Dereva wa lori alituonea huruma, akashika breki, nikaingia mbele yake. Mama mkwe hakusema neno mpaka Uyole. Usiku ule sikulala, na wiki iliyofuata nikaanza kutafuta gari nyingine.

RS ina injini ya 1NZ, cc 1497, farasi kama 110. Ukitoa hasara ya mwinuko unabaki na 90 na kitu, maana yake RS ikiwa Mbeya bado ina nguvu kuliko ile ya kawaida ikiwa Dar. Na injini hiyo ndiyo iliyomo kwenye Probox za cc 1500 na Raum za umbo la pili, kwa hiyo fundi yeyote anaijua na spea zimejaa. Mafuta inakula zaidi kidogo: kwa njia hiyo, gari ya kawaida ilinipa kilomita 15 kwa lita, RS ikanipa 13.

Lakini injini peke yake ndiyo niliyoihitaji. Vile vitu vingine vya kispoti vilinigharimu. RS inakuja na tairi 195/50 za rimu 16, ubavu wake hauzidi milimita 98, wakati 165/70 za rimu 14 za gari ya kawaida zina karibu 116. Masika ya kwanza nilipasua tairi mbili na kupinda rimu moja kwenye mashimo ya njia ya kwangu, na sketi ya bampa la mbele ikabaki kwenye tuta. Niliuza zile rimu nikafunga za 15 na tairi 185/60. Kimo cha tairi kinabaki karibu kile kile, spidomita haidanganyi, na ubavu unapanda mpaka 111. Sketi nilizing'oa zote. Tangu hapo sijapasua tairi.

Gia chukua ya manuali, RS ilitoka na gia tano. Ukishuka Igawilo unaweka namba mbili, injini inaishikilia gari na breki zinapumzika. Zipo za CVT pia, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na hatua za gia, ila kwa gari ya mkononi mimi naziogopa, kwa sababu giaboksi hiyo ina oili yake maalumu na wapo mafundi wanaoimiminia haidroliki ya kawaida, yaani oili ya giaboksi za otomatiki nyingine.

Ingekuwa kazi yako ipo mjini na mpo wawili, ningekuambia chukua ya kawaida na milioni tatu ubaki nazo. Kwa njia yako, chukua RS.

Ila usiamini nembo ya nyuma. Nimeshaona Vitz ya kawaida imevalishwa bampa na nembo ya RS. Fungua boneti usome kibati: RS ya cc 1500 namba yake ya chasisi inaanza na NCP91, ile ya cc 996 ni KSP90. Ingia chini utazame kama kuna alama za kulehemu, kwa sababu nyingi zimepita mikononi mwa vijana wanaopenda kukimbiza. Kisha omba muijaribu mlimani mkiwa wanne, siyo kuzunguka yadi. Ukiwa namba nne kanyaga mafuta kwa nguvu: mshale wa mizunguko ya injini ukiruka juu na gari haiongezi mwendo, klachi imekwisha. Wapunguze bei hapo hapo, au wafunge mpya kabla hujatoa hela.