Barua kwa mwanangu aliyelizwa na gemu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Masanja,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema ulikuwa sebuleni usiku unacheza Brothers, ile gemu ya ndugu wawili, ulipofika kwenye maji ukalia hadi mkeo akatoka chumbani akidhani umepigiwa simu ya msiba. Halafu unaniuliza: "Baba, mtu mzima na akili zake analizwaje na katuni? Au nina tatizo?"

Huna tatizo. Ningeweza kuishia hapo, ila umemuuliza mtu aliyewasomesha kwa pesa za banda la gemu, kwa hiyo vumilia.

Unawakumbuka vijana wa Winning Eleven. Wamebanana kwenye benchi, anayefungwa anapisha, na aliyefungwa bao la dakika ya mwisho anasimama akidai padi ni mbovu, kitufe cha kupiga hakishiki. Naichukua ile padi, naijaribu mbele yake, inapiga vizuri tu. Nimeona wanaume wenye wake na watoto wakinuniana kwa ajili ya mpira wa kwenye TV, na hakuna aliyewaambia wana tatizo. Hasira ya gemu watu wameizoea. Wewe umelia, basi unajitafutia ugonjwa.

Gemu za hadithi hazikuwa na soko bandani kwangu, na sababu ilikuwa pesa. Mteja analipia mechi au dakika, wakati hadithi inataka masaa, tena kesho uombe Mungu ukute mwenzako hajakufutia ulipofikia kwenye memori kadi. Ila kulikuwa na kijana mmoja mbeba mizigo wa Mwaloni, alikuwa anakuja asubuhi akishamaliza kushusha magunia ya dagaa, banda likiwa tupu. Yeye na Shadow of the Colossus tu, gemu ya Wajapani ya mwaka 2005. Kiingereza kilimpiga chenga, lakini mle ndani wanaongea lugha ya kubuni, na maneno yenyewe ni ya kuhesabu. Kijana wa kwenye gemu anazunguka nchi tupu juu ya farasi akitafuta majitu 16, ayaue yote ili msichana aliyekufa afufuliwe. Njiani hakuna adui mwingine. Na baadhi ya hayo majitu hayana habari na wewe, umeyafuata kwao. Likianguka moja, badala ya shangwe unapigiwa muziki wa huzuni, ujione ulichofanya.

Kabla ya jitu la mwisho daraja linakatika. Farasi anamrusha bwana wake ng'ambo, yeye mwenyewe anatumbukia bondeni. Siku hiyo yule kijana aliiweka padi kwenye benchi taratibu, akanilipa, akatoka na muda wake haujaisha. Kama unalijua banda letu unajua hiyo ni ajabu. Mtu haachi dakika alizolipia.

Sinema nazo zinaliza, sikatai. Mama yako anamlilia kila mwanamke anayeonewa kwenye tamthilia za Kituruki. Lakini pale anatazama mambo ya watu. Yule kijana alikuwa amemwendesha farasi kwa kidole chake asubuhi baada ya asubuhi, akimwita anakuja. Alichokosa siku ile hakikuwa picha, kilikuwa kitu kilichokuwa kinamwitikia.

Sasa ya kwako. Nimeicheza baada ya ujumbe wako, kwenye PS4 ya bandani, mlango nimefunga. Ni ya masaa kama matatu tu. Aliyeiongoza ni Josef Fares, mtengeneza filamu wa Sweden aliyezaliwa Beirut, ikatoka mwaka 2013. Ujanja wake wote umekaa kwenye padi: gumba la kushoto linamwendesha kaka, la kulia linamwendesha mdogo. Mwanzoni ni vurugu, unamtaka huyu apite, yule anagonga ukuta. Ukienda mbele mikono inagawana kazi yenyewe, hufikirii tena. Mdogo anaogopa maji kwa sababu mama yao alizama yeye akiona, kwa hiyo kila penye maji anajishikilia mgongoni mwa kaka. Hapo mtu wa Mwanza hapiti hivi hivi. Tangu Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa inakaribia kufika, kuna watu wazima mji huu hawakanyagi meli, na makaburi ya Igoma walikozikwa waliozama unayajua.

Kisha kaka anakufa. Na hawakuonyeshi mazishi ukae utazame. Wewe ndiye unayemburuta hadi kaburini na kumfukia, kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto umeshika padi hauna kazi. Nilijikuta nausukuma tu ule upande, hakuna anayeitika. Baadaye unafika kwenye maji. Mdogo hataki kuingia, anarudi nyuma, unambonyezea kitufe chake wapi. Mpaka kidole kiguse kitufe cha kaka, kile cha kushoto ambacho kilishakuwa hakina mwenyewe, na mtoto anaogelea. Mimi sikulia, lakini nilikaa na kile kitufe nimekibana muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mama yako ana maelezo yake. Anasema umemkumbuka kaka yako, kwamba Makoye ndiye aliyekuwa anakubeba mgongoni kwenye maji kule Luchelele kabla hujajua kuogelea, na tangu aende Geita hamuonani. Sibishani naye, wewe unamjua. Lakini Makoye yupo, ana afya kuliko sisi wote, na mimi ni kifungua mimba, sijawahi kuwa na kaka wa kunibeba, na bado ile gemu ilinishika palepale ilipokushika wewe. Imewafundisha mikono yetu kumtunza mtu, kisha ikamwondoa na kuiacha mikono bado inamtafuta. Ukitaka kumpigia Makoye mpigie, hilo ni jambo jema kivyake.

Kuna moja sitaicheza. Inaitwa That Dragon, Cancer, ya mwaka 2016, wameitengeneza wazazi wa Kimarekani, Ryan na Amy Green, kuhusu mtoto wao Joel aliyegundulika na saratani akiwa na mwaka mmoja. Walianza akiwa hai. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka mitano, wakaimalizia. Kuna sehemu baba yuko na mtoto hospitalini usiku, mtoto analia, na lolote utakalojaribu hanyamazi. Ile malaria yako ya utotoni ilitulaza Bugando. Hicho chumba nakijua, sina haja ya kukinunua.

Na kuna machozi nisiyoyatetea. Walinijia watu wakitaka tuweke dubwi bandani, ile mashine ya kamari, tugawane mapato. Nilikataa, wakaiweka kwa jirani, na nikawaona watu wazima wakiitumbukiza sarafu za 200 moja moja huku taa zikiwaonyesha kwamba ilibaki kidogo tu. Ile nayo inachezea moyo wa mtu, na inaujua kuliko sisi. Lakini inachotaka ni usinyanyuke pale. Fares anakuliza, anakuachia uende ukalale. Hizo gemu za simu zinazokuuzia visanduku usivyojua vina nini ndani, mimi naziweka kundi la dubwi, na wanaozipenda wanisamehe.

Mwaka 2024 wameitoa Brothers upya, na humo watu wawili wanaweza kucheza, kila mtu na padi yake. Mkija Krismasi najua Makoye atataka mgawane. Msigawane, itakuwa gemu ya kutembea tu. Mpe padi nzima, wewe kaa pembeni, na akifika kwenye maji usimwambie kitufe.

Mama yako anasalimia. Anauliza dagaa aliowatuma kwa basi wamefika au bado wako stendi.

Baba yako