Jibu: Kwa nini ghala la baruti la Priddy's Hard halina madirisha?

Mkuu, umeuliza kwa nini ghala kuu la Priddy's Hard, pale Gosport, ng'ambo ya bandari ya Portsmouth, limejengwa zito hivyo na halina madirisha. Ukilitazama utadhani jela. Lilijengwa miaka ya 1770 kutunza baruti ya meli za kivita za Uingereza, baada ya wakazi wa Portsmouth kuchoka kulala jirani na mapipa yale.

Kuta nene na dari ya matao ya matofali ni za kuhimili mabomu. Lakini mimi navutiwa zaidi na hewa. Baruti ikipata unyevu imekwisha, kwa hiyo ghala lazima lipumue. Kwenye majengo ya aina hii tundu la hewa hupindishwa ndani ya ukuta: upepo unapita, cheche inagonga tofali. Vifaa vilikuwa vya mbao na shaba, maana chuma kikigonga jiwe hutoa cheche. Hata mwenye kiatu cha misumari hakuruhusiwa kuingia!

Siku hizi ni makumbusho ya silaha za majini.